Chapati za Kumsindikiza Binti Yangu

Tarehe tisa Februari mwaka wa 1995, siku ya Alhamisi, nilimpoteza mke wangu. Alikuwa ameenda kufungua meza yake ya vitunguu na nyanya pale mtaani Umoja, Nairobi, na kabla hajamaliza kupanga mafungu akakaa chini, akasema kichwa kinamuuma. Waliomfikisha hospitalini ni wanawake wenzake wa pale mezani. Mimi nilikuwa kiwandani, kwenye mashine ya mablanketi. Kelele za mashine zile ni kubwa, hata mtu akija kukuita lazima akuguse bega. Msimamizi aliponigusa bega nilidhani ananiambia ni saa ya chai.

Daktari alisema ni presha. Hatukujua kama ana presha. Alikuwa mtu wa kuangalia afya za wengine.

Tulimzika nyumbani, magharibi, nyuma ya nyumba ya mama yangu. Baada ya matanga nikarudi Nairobi na binti yetu, aliyekuwa kidato cha tatu. Ni mtoto wetu wa pekee, hatukujaliwa mwingine. Tulikaa Umoja, katika vyumba vya kuongezwa nyuma ya nyumba ya mwenye nyumba, na mfereji mmoja uani kwa wapangaji wote. Mimi mwenyewe nilisoma hadi darasa la saba. Ninayoandika hapa ni habari za binti huyu na jinsi karo ya chuo chake ilivyopatikana, lakini siwezi kuziandika bila kuanza na mama yake, kwa sababu mama yake ndiye aliyesema kwamba mtoto hakuugua.

Mtoto aliugua. Ilikuwa mwaka wa 1990, akiwa darasa la sita. Uvimbe ulianza shingoni, upande wa kushoto, nasi tukadhani ni jino. Jino likang'olewa, uvimbe ukabaki. Hatimaye tulifika hospitali kubwa, wakakata kipande kidogo wakakipeleka kupimwa. Daktari alitutamkia jina la ugonjwa kwa Kiingereza, kisha akalisema kwa Kiswahili: saratani ya tezi. Hakutubakishia pa kujificha. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kliniki ni siku gani. Akaambiwa Jumatatu.

Kanisa letu halikuwa na jengo. Lilikodi ukumbi wa shule siku za Jumapili, na kabla ya ibada wanaume tulisukuma madawati ukutani. Tulifundishwa kwamba ugonjwa ukiutaja unaufungulia mlango. Mtu mwenye malaria alisema adui anamjaribu mwilini. Mwenye kisukari alisema hivyo hivyo. Siandiki haya ili kucheka. Kuna watu walioshikilia fundisho hilo wakavuka shida ambazo sijui wangezivukaje bila hilo, na mke wangu alikuwa mmoja wao.

Mtoto alipokuwa katikati ya matibabu, nywele zimeisha, mke wangu alimsimamisha mbele ya kanisa akiwa na kitambaa kichwani. Akasema, "Bwana asifiwe. Mtoto huyu hana kitu. Wala hakuwa na kitu. Mlichokiona ni kivuli tu." Kanisa zima likaitikia amina. Watu walilia. Kesho yake, Jumatatu, giza halijatoka vizuri, akamvalisha sweta, akatia uji kwenye chupa ya chai, wakaenda kutiwa dawa. Hakukosa kliniki hata moja mpaka matibabu yalipoisha. Majirani waliambiwa wanaenda Dandora kwa shangazi.

Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana, nami sikumwuliza. Aliyabeba kama mtu abebavyo ndoo mbili za maji, moja kila mkono, ili asiinamie upande mmoja. Nyumbani neno lile halikutajwa. Tulisema "wakati ule". Mtoto akapona, akarudi shule, nywele zikaota zikiwa laini kuliko za kwanza, na ikawa kweli kama kwamba hakukuwa na kitu, isipokuwa mara moja kwa mwaka aliporudi kuangaliwa.

Mama yake alipokufa, kazi ya kumpeleka kuangaliwa ikawa yangu. Tulienda kimya, tukarudi kimya. Mimi si mtu wa maneno. Nyumba yetu ilikuwa na sauti alipokuwamo yeye; sisi wawili tulikuwa wasikilizaji wake. Alipoondoka tulibaki wasikilizaji wawili wasio na wa kumsikiliza. Jioni nilitoka kiwandani nikamkuta amepika sukuma na ugali, amefunika yangu kwa sahani, naye amekaa na vitabu vyake upande wa pili wa pazia. Nilikula. Nilisema asante. Aliitikia. Taa ilizimwa.

Mwanzoni mwa 1997 matokeo ya kidato cha nne yalitoka, naye akapita vizuri. Chuo kimoja cha ualimu kule magharibi kikamwita. Kiwandani walikuwa wameanza kupunguza watu, kwa sababu mitumba ilikuwa imejaa kila soko na mablanketi yetu yanalala stoo. Nilijua mwenyewe kwamba chuo hakiwezekani, ila sikuwa nimemwambia.

Mwaka huo alipoenda kuangaliwa, daktari wake, mama mmoja mpole aliyemtibu tangu utotoni, alimwuliza sasa anafanya nini. Binti akasema ameitwa chuo. Daktari akaweka kalamu chini. Akatuambia kwamba yeye na wenzake, pamoja na marafiki, wana mfuko wa kuwalipia karo ya chuo vijana waliowahi kuugua saratani wakiwa watoto.

"Hao vijana si wengi," alisema. "Wengine hawafiki kidato cha nne. Kwa hivyo hatungoji watuombe. Tunawatafuta."

Nilimshukuru hadi nikaona aibu. Binti yangu hakusema kitu, nami nikadhani ni furaha.

Tuliitwa kuonana nao katika chumba kimoja pale hospitalini. Walikuwa watatu: daktari, mwalimu mkuu mstaafu mwenye koti la kijivu, na mama mmoja ambaye, kama tulivyoambiwa, mtoto wake hakupona. Mwalimu ndiye aliyeanza.

"Haya binti. Tuambie kwa ufupi. Uliugua lini, na ilikuwaje?"

"Sikuugua," binti yangu akasema.

Mwalimu akatabasamu. "Labda sikuuliza vizuri."

"Umeuliza vizuri, mwalimu. Sikuugua."

Alisema kwa adabu, mikono imekaa magotini. Mwalimu alinitazama mimi, kama mtu anayeuliza kama mtoto huyu ana akili timamu. Yule mama wa tatu alitazama dirishani.

Daktari hakukasirika. "Sisi hatukukuita hapa utoe ushahidi," akamwambia. "Mimi ndiye niliyekutibu. Kuna kitu kingine. Wale tunaowalipia, wakifunga chuo, huja wodini kukaa na watoto. Wanawaambia, mimi pia nililala hapa. Hiyo tu. Sisi tukiwaambia watapona hawatuamini. Sisi tumekuwa na nywele siku zote. Wanataka kumsikia mtu aliyezipoteza. Sasa kama huwezi kulisema, utawaambia nini?"



"Mimi nitasema," nikaingilia. "Nitakuja mimi, likizo zote. Nitawaambia."

"Baba," akasema yule mama wa tatu, mara yake ya kwanza kufungua mdomo, "wewe tunajua utasema. Lakini wewe huendi chuo."

Wakampa hadi mwisho wa mwezi afikirie. Kama hapana, nafasi ingeenda kwa kijana mwingine. Hawakusema kwa ubaya.

Jioni ile alikuwa akiosha vyombo mferejini, nami nikatoka nikasimama karibu, kitu nisichokuwa na desturi ya kufanya. Majirani walikuwa ndani, redio zinaimba.

"Ulisema hivyo kwa nini?" nikamwuliza.

"Baba, unataka niseme mama alidanganya?"

"Sitaki."

"Sasa?"

"Nataka uende chuo."

"Hayo ni mamoja." Alisugua sufuria ile ile ambayo tayari ilikuwa safi. "Alisimama mbele ya watu wote akasema sikuwa na kitu. Amekufa na neno lake. Hayuko ajitetee. Mimi nikisema nilikuwa nacho, nani atamtetea?"

"Mimi nilikuwako," nikasema. "Najua ilivyokuwa."

"Ulikuwako, Baba. Lakini hukusema kitu. Si hapa nyumbani, si kanisani. Mama alisema peke yake."

Alisema bila hasira. Alimwaga maji, akainua beseni, akapita kando yangu akaingia ndani. Nilibaki pale uani, mfereji ukidondoka, mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama maji yamekatika.

Wiki zilizofuata tulizungumza kidogo kuliko zamani, na zamani yenyewe ilikuwa kidogo. Nilikuwa nikikaa kitandani namsikia akigeuza karatasi ng'ambo ya pazia. Nilitaka mke wangu arudi hata kwa jioni moja tu, aseme hili au lile. Angesema, mtoto nenda, tungekwenda. Angesema, mtoto nyamaza, tungenyamaza. Mimi niliachiwa neno nisilolitunga, na sikujua kama ni langu kulifungua.

Mwezi ulipokaribia kuisha, Jumamosi moja asubuhi, nilimkuta amevaa.

"Naenda kuona hiyo wodi," akasema. "Kuona tu. Unaweza kunisindikiza ukitaka."

Nikavaa koti.

Daktari alituonyesha njia, ingawa tuliijua. Wodi ilikuwa imepakwa rangi mpya, lakini harufu ni ile ile, dawa na uji. Nilisimama mlangoni. Binti yangu aliingia, akazunguka kidogo kama mtu aliyepotea sokoni, kisha mtoto mmoja wa kike akamwita. Alikuwa na kofia ya sufu ya rangi ya chungwa.

"We ni nesi?"

"Hapana."

"Ni wale wa kusomea udaktari? Hao wakikuja wananishikashika tu tumbo halafu wanaandika."

"Hapana. Mimi nililala hapa. Kile kitanda cha ukutani."

"Kile ni kibaya. Kinalia. Ulikuwa na nini?"

Binti yangu alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilimwona akishika shuka, akaliachilia.

"Nilikuwa na saratani," akasema.

"Ya wapi?"

"Ya shingo."

"Yangu ni ya tumbo." Yule mtoto alimkagua kutoka juu hadi chini. "Na hizo nywele ni zako ama ni za kununua?"

"Vuta uone."

Akavuta, tena kwa nguvu, mpaka kichwa cha binti yangu kikainama. Kisha akageukia vitanda vingine akawatangazia, "Ni zake. Nimevuta."

"Huyo amezoea kusumbua wageni," akasema mama mmoja aliyekaa kando ya kitanda cha pili, lakini naye alikuwa akitazama zile nywele.

Niliondoka mlangoni nikaenda kusimama kwenye ngazi. Mtoto wangu alikuwa amesema neno ambalo hajawahi kulisema mbele yangu, na sikutaka ajue nimelisikia. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Aliniomba nimngoje, akapanda juu kwa daktari. Aliporudi alisema wamekubali kumlipia karo. Hiyo ndiyo namna nilivyopata habari.

Kanisani kwetu kijana akienda chuo kulikuwa na desturi. Jumapili ya mwisho anaitwa mbele, anasema Mungu alivyomfungulia njia, wazee wanamwekea mikono, na baada ya ibada watu wanakuja kwao nyumbani kula na kumsindikiza. Hakuna mwaliko, anayetangazwa ndiye ameshaalika. Jumamosi tulinunua unga, nikaazima sufuria kubwa na viti. Mke wa jirani yetu, watu wa Ukambani, ambao hawakuwa wa kanisa letu, alikuja kumsaidia binti kusukuma chapati. Walisukuma mchana kutwa. Nilikuwa nikichochea jiko uani, na nilimsikia binti yangu akicheka kwa kitu alichoambiwa na yule mama. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kinafananaje.

Kesho yake Pasta akamwita. Alipanda pale mbele, mahali pale pale aliposimamishwa akiwa mtoto.

"Bwana asifiwe," akasema. "Naenda chuo cha ualimu. Karo yangu inalipwa na watu wanaosaidia vijana waliougua saratani wakapona."

Amina ilikawia. Zilitoka chache, za watu ambao hawakuwa wamesikia vizuri. Pasta alisogea karibu naye. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyekuja kumzika mke wangu, safari ndefu ile, kwa nauli yake.

"Mwanangu," akasema taratibu, "unaukumbuka ushuhuda wa mama yako?"

"Naukumbuka, Pasta. Nilikuwa nimesimama hapa naye."

"Na leo unasemaje?"

"Nasema Mungu aliniponya. Na nilikuwa mgonjwa. Na mama alinipeleka kliniki kila Jumatatu."

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanaume, safu ya tatu. Nilisimama. Sikujua nitasema nini, lakini nilikumbuka yale ya mferejini, kwamba mama yake alisema peke yake. "Ni kweli," nikasema. "Ilikuwa hivyo." Nikaketi. Hayo ndiyo maneno pekee niliyosema katika kanisa lile kwa miaka yote niliyokuwa humo.

Mwimbishaji akaanzisha wimbo haraka, kama mtu anayefunika chungu. Pasta akaombea safari, ombi fupi. Wazee hawakupanda kuweka mikono.

Tulirudi nyumbani tukapanga viti uani. Chapati zilikuwa zimefungwa kwa vitambaa ndani ya karai, ndengu ziko motoni. Tulikaa. Saa ya watu kufika ikafika, ikapita. Mara mbili lango lilisikika, nikainuka, ikawa ni wapangaji wenzetu. Mzee mmoja wa kanisa alipita barabarani na familia yake. Nilimwona kupitia lango lililo wazi, naye aliniona. Alinipungia mkono kama mtu mwenye haraka.

Aliyekuja ni jirani wa Ukambani. Ni mchongaji vinyago, ana mikono mikubwa yenye makovu. Alitazama viti vile vyote vitupu, akatazama karai, akavuta kiti kimoja akakaa.

"Sisi Wakamba tunasingiziwa kuroga," akasema. "Na nyinyi Waluhya mnasingiziwa kula. Sasa chakula chote hiki na mko wawili. Mnataka kuthibitisha maneno ya watu?"

Mkewe akamwambia anyamaze, apewe sahani. Akala nyingi, kwa makusudi nadhani, na kila akimaliza moja alimwambia binti yangu, "Mwalimu, nyingine." Wakaita watoto wao. Bado hazikupungua. Giza lilipoanza kuingia, binti yangu alizunguka mlango kwa mlango wa ua wetu akigawa zilizobaki, nami nikarudisha viti vya kuazima, viwili viwili, mara nyingi.

Siku iliyofuata nilimbebea sanduku lake la chuma hadi stesheni ya mabasi ya kwenda magharibi. Tulifika mapema. Utingo alipandisha sanduku juu akalifunga kwa kamba. Tukasimama kando ya mlango wa basi, watu wakipanda na kushuka, wauza maji na mayai wakitupitia katikati.

"Baba," akasema, "nilimkosea mama?"

Nilijua mzazi mwingine angejibu nini, na jibu hilo lilikuwa jepesi, lingemfikisha vizuri. Nilimfikiria mke wangu, sauti yake mbele ya watu, na chupa ya uji mkononi Jumatatu. Nilijaribu kumsikia akinijibu.

"Sijui," nikamwambia.

Kisha akatikisa kichwa kukubali, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapanda. Alipata kiti upande wa pili wa basi, ambako sikuweza kumwona. Lilipoanza kuondoka niliyapungia madirisha yote.